Haki za mwanamke katika Uislamu wa mwanzo na ufeministi: ni kitu kimoja?

Swali: Assalaam alaykum. Darasani tulibishana. Mmoja alisema Uislamu ulishampa mwanamke haki zake zote tangu karne ya 7, kwa hiyo Mwislamu hana haja na ufeministi. Mwingine akasema dini na ufeministi ni maji na mafuta. Nani yuko sahihi? Na mimi ninayekaribia kuolewa, mjadala huu unanihusu nini?

Jibu: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Wote wawili wameshika ukweli kwa ncha moja, kisha wakauvuta mno. Ukitazama walichopewa wanawake wa Madina kati ya mwaka 622 na 632, hukuti sifa tamu za mwanamke. Unakuta madai yenye kiasi, yenye mdaiwa na yenye hakimu: mahari haya ni yako, thumni hii (moja ya nane) ni yako, mume akikuacha anaweza kukurejea mara mbili tu. Ufeministi wenyewe huuliza swali jingine: kwa nini sheria imtofautishe mtu kwa sababu ya jinsia yake? Mambo haya mawili yanakutana pengi, ila si jambo moja, na anayeyachanganya hushindwa kuyatetea yote mawili.

Kwanza tuondoe hoja mbovu inayorudiwa kila mwaka kwenye mihadhara, kwamba kabla ya Uislamu mwanamke hakuwa na chochote. Mtu atakushinda kwa kutaja jina moja tu, Khadija. Kabla ya utume alikuwa na mtaji wake, akiwatuma wanaume na bidhaa zake hadi Sham, na yeye ndiye aliyepeleka posa kwa Muhammad. Lakini wakati huohuo na katika Bara Arabu hiyohiyo, kulikuwa na wajane waliorithiwa kama mali. Wapokezi wanaeleza kwamba jamaa wa marehemu alikuwa akimtupia mjane nguo yake, na kuanzia hapo ana hiari ya kumwoa, kumwoza mwingine akala mahari, au kumzuia mpaka ajikomboe. Suratun-Nisaa aya ya 19 ilishuka kukataza hilo. Kuna makabila yaliyozika mabinti wakiwa hai, na Suratut-Takwir (81:8-9) inamwonyesha binti huyo akiulizwa aliuawa kwa kosa gani. Kwa hiyo hali ya Jahiliyya, yaani zama za kabla ya Uislamu, ilikuwa bahati: ukizaliwa katika ukoo mzuri, ukapata wazee wema, unaishi kama Khadija. La sivyo, huna pa kushitaki. Uislamu ulileta mahali pa kushitaki.

Angalia kisa cha mke wa Saad bin Rabii, kwa sababu ndani yake mna mfumo mzima. Saad aliuawa katika vita vya Uhud, mwaka 625. Aliacha mke na mabinti wawili, na ndugu yake akachukua mali yote. Kwa desturi ya wakati ule hakuwa ameiba: urithi ulikuwa wa wanaume wanaobeba silaha. Mjane akawachukua wanawe wawili hadi kwa Mtume (S.A.W.) akamwambia kwamba hawa ni mabinti wa Saad, baba yao ameuawa akiwa nawe, ami yao amechukua mali yao yote, na hawataolewa bila ya mali. Mtume akamwambia Mwenyezi Mungu atalitolea hukumu jambo hilo. Ikashuka aya ya mirathi (4:11). Ami akaitwa na kuamriwa awape mabinti thuluthi mbili, mama yao thumni, na kinachobaki ndicho chake.

Piga hesabu. Gawa mali mafungu 24. Thuluthi mbili ni 16, kila binti 8. Thumni ni 3. Ami aliyekuwa amechukua 24 anabaki na 5. Mwanamume mwenye silaha, aliyekuwa na desturi yote upande wake, alirudisha mafungu 19 kwa wanawake watatu. Ukitaka kujua kwa nini sisi wanafunzi wa fiqhi (elimu ya sheria za Kiislamu) hatukubali mtu aseme Uislamu wa mwanzo haukubadilisha kitu, jibu ni 19 hizo.

Sasa upande mgumu. Aya hiyohiyo inampa mtoto wa kiume fungu la mabinti wawili. Chukua mfano wa kawaida: mtu amefariki, ameacha mama, mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Tunagawa kwa 120. Mama anapata sudusi (moja ya sita), 20. Mke thumni, 15. Zinabaki 85, kila mwana wa kiume 34 na binti 17. Si kweli kwamba mwanamke hupata nusu siku zote: baba na mama wa marehemu aliyeacha mtoto wa kiume hupata sudusi sawa kwa sawa, na ndugu wa kwa mama, wa kiume na wa kike, hugawana sawa (4:12). Hata mwanamke akifa akaacha mume, binti mmoja na baba, binti anatwaa nusu, yaani 6 kwenye 12, mume 3 na baba 3. Lakini kati ya kaka na dada, mbili kwa moja ipo, imeandikwa, na haifichiki.

Sababu tunayopewa ni kwamba mwanamume ndiye anayetoa mahari na kulisha mke na watoto, na mke halazimiki kutoa senti katika mali yake. Sababu hiyo ina uzito. Ila watu huiongeza chumvi kwa kusema kaka anapata mara mbili ili amtunze dada yake. Tahadhari hapa: katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, wajibu wa kulisha jamaa unapanda kwa wazazi na mababu, na kushuka kwa watoto na wajukuu. Haumfikii dada. Wahanafi na Wahanbali ndio walioupanua, kila madhehebu kwa masharti yake. Kaka wa Kishafi anayechukua 34 na kumwambia dada yake "mimi ndiye mlezi wako" anajipa sifa ambayo kitabu chake hakikumbebesha kama deni. Ufeministi unapouliza hapo, unauliza swali halali, na jibu la "hekima ya Mungu" peke yake halimlishi dada huyo.

Turudi Madina, kwa sababu mirathi si mlango pekee. Wanawake walikwenda kwa Mtume na malalamiko ya nyumbani, wakasikilizwa. Khawla bint Thaalaba aliambiwa na mumewe Aus bin Samit, "wewe kwangu ni kama mgongo wa mama yangu". Neno hilo katika desturi za Kiarabu lilimwacha mke hewani, si mke tena, wala si mtalaka. Khawla hakukubali, akajadiliana na Mtume na kumshitakia Mungu, na sura ya 58 ikapewa jina la mjadala wake, Al-Mujadila. Mume akatozwa kafara: aache huru mtumwa, asipoweza afunge miezi miwili mfululizo, asipoweza alishe maskini 60.

Habiba bint Sahl alisimama mlangoni kwa Mtume alfajiri bado kuna giza. Alikuwa mke wa Thabit bin Qais. Katika mapokezi ya Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, ya kisa cha mke wa Thabit, mwanamke anasema hamlaumu mumewe kwa tabia wala kwa dini, ila hawezi kuendelea kuishi naye. Mtume akamuuliza kama atamrudishia bustani aliyompa mahari. Akasema ndiyo. Thabit akaambiwa apokee bustani yake na ampe talaka moja. Hakuna pigo lililothibitishwa wala shahidi aliyeitwa. Hii ndiyo asili ya khului, yaani mke kujitoa katika ndoa kwa kurudisha mahari.

Hind bint Utba alilalamika kwamba Abu Sufyan ni bahili, hampi cha kumtosha yeye na mtoto. Akaruhusiwa kuchukua katika mali ya mumewe bila ya yeye kujua, kiasi cha kumtosha kwa wema. Khansa bint Khidam aliozwa na baba yake baada ya kuwa ameshaolewa kabla, akachukia, na Mtume akaibatilisha ndoa ile. Na mwaka 630, Makka ilipofunguliwa, Ummu Hani aliwapa hifadhi watu ambao kaka yake Ali alitaka kuwaua. Mtume akamwambia, "tumemhifadhi uliyemhifadhi, ewe Ummu Hani". Hilo la mwisho ni jambo la dola, halihusu chumbani wala jikoni.

Kuna visa viwili vinavyopendwa sana ambavyo ningekushauri usivijengee hoja. Kimoja ni cha mwanamke aliyempinga khalifa Omar msikitini alipotaka kuweka kikomo cha mahari, na kingine ni cha Omar kumpa Shifaa bint Abdillahi usimamizi wa soko. Wanazuoni wa hadithi wameutia kasoro mlolongo wa wapokezi wa kile cha kwanza, na Ibnul-Arabi, mwanachuoni wa Kimaliki, alikikataa cha pili. Kuhusu mahari huhitaji kisa, aya ya 4:20 inataja mrundo wa mali na kumkataza mume kuuchukua. Hoja dhaifu ikivunjwa mbele ya watu, hubeba na zile zilizo imara.

Sasa jiulize: kama yote haya yalikuwapo, yalikwenda wapi? Hapa ndipo mwenzako wa kwanza anapokosea. Haki iliyoandikwa hailindwi na wino. Mtume alisema msiwazuie wanawake kwenda misikitini. Mke wa Omar alikuwa akihudhuria sala ya jamaa ya alfajiri na isha. Akaulizwa kwa nini anatoka hali anajua mumewe hapendi. Akajibu kwa swali: basi ni nini kinachomzuia kunikataza? Ni hadithi hiyo. Omar, pamoja na ukali wake wote, alimeza. Lakini mjukuu wake Bilal, aliposomewa hadithi hiyohiyo na baba yake Abdullah bin Omar, alisema wallahi tutawazuia, na baba yake akamkaripia kwa maneno makali ambayo hakuwahi kusikika akiyatoa. Babu, mwana, mjukuu. Uzi ulianza kukatika ndani ya nyumba moja.

Khului nayo. Wanazuoni wengi walifasiri amri aliyopewa Thabit kuwa ni ushauri, hivyo mume asiporidhia hakuna khului, na mke anabaki kwenye faskhi, yaani kuvunjiwa ndoa na kadhi, ambayo inahitaji kuthibitisha madhara. Mlango aliopita Habiba alfajiri moja ukawa safari ya miaka mahakamani. Mahakama ya Juu ya Pakistan iliufungua tena mwaka 1967, na Misri ikaufungua kwa Sheria namba 1 ya mwaka 2000: mke anarudisha mahari, anasamehe haki zake za kifedha, mahakama inajaribu suluhu kwa muda usiozidi miezi mitatu, kisha inamwachisha hata mume akikataa. Walioipinga Misri walisema ni mambo ya Wazungu. Walioitetea walisoma hadithi ya mke wa Thabit.

Talaka tatu kwa mkupuo ni hivyohivyo. Kabla ya Uislamu mume aliweza kuacha na kurejea bila idadi, na aya ya 2:229 ikamwekea mpaka wa mara mbili. Ibn Abbas anapokelewa na Muslim, mkusanyaji mwingine wa hadithi, akisema kwamba tatu za mara moja zilihesabiwa moja wakati wa Mtume, wakati wa Abubakar na miaka miwili ya mwanzo ya Omar, kisha Omar akazipitisha kuwa tatu ili kuwaadabisha waliozichezea. Madhehebu manne yakabaki na tatu. Misri ilirudi kwenye moja kwa sheria ya mwaka 1929.

Kuhusu ufeministi wenyewe, watu hupenda kulinganisha na Ulaya, na ulinganisho huo ni wa kweli upande wa mali. Uingereza mke alipoteza umiliki wa mali yake kwa mumewe hadi sheria za mwaka 1870 na 1882, na Ufaransa mke alihitaji idhini ya mume kufungua akaunti ya benki hadi mwaka 1965. Mwanamke wa Madina alimiliki, aliuza na kukopesha kwa jina lake. Sawa. Lakini kumtangulia mwenzako miaka 1,200 hakukufikishi kama uliketi njiani. Wala si kweli kwamba ufeministi ulishushwa kwetu kwa parashuti. Huda Shaarawi na wenzake waliunda umoja wa wanawake Cairo mwaka 1923, na mwaka huohuo Misri ikaweka umri wa kusajili ndoa kuwa miaka 16 kwa msichana na 18 kwa mvulana. Baadaye wamekuja wasomi kama Fatima Mernissi wa Morocco na Amina Wadud wa Marekani, wanaosoma Qur'ani na hadithi zilezile na kuuliza nani alizifasiri na kwa faida ya nani.

Wanapoachana na fiqhi ya kale, wanaachana kweli, na sitakupakia asali. Ndoa ya wake wengi: Qur'ani ilileta kikomo cha wanne na sharti la uadilifu (4:3), fiqhi ikaiacha juu ya dhamiri ya mume, Tunisia ikaipiga marufuku mwaka 1956 kwa kuiunganisha na 4:129 isemayo hamtaweza kufanya uadilifu kati ya wake. Aya ya 4:34 inamtaja mwanamume kuwa msimamizi na ndani yake mna neno "wapigeni". Wanazuoni wengi waliliwekea mipaka mikali, na Ataa bin Abi Rabah, mwanafunzi wa masahaba, alisema mume asimpige mke hata akimuasi, amkasirikie tu. Mtume mwenyewe, wanawake walipojaa nyumbani kwake wakilalamikia waume wanaopiga, alisema wanaume hao si wabora wenu. Mfeministi atakwambia mipaka haitoshi, neno lenyewe lisiwe na hukumu leo. Msimamo wangu ni kwamba anayempiga mkewe kisha akashika aya hii hana Ataa, hana hadithi hiyo, na hana hoja. Ila sitakwambia kwamba mgogoro wa kifasiri umekwisha.

Ushahidi nao huchanganywa. Wanawake wawili kwa mwanamume mmoja katika 2:282 ni mkataba wa deni. Katika kupokea hadithi, ambako dini nzima inasimama, Bibi Aisha ana mapokezi yanayohesabiwa kufika 2,210 na hakuna aliyetaka mwanamke wa pili amthibitishe.

Sasa ndoa yako, maana mjadala huu unaishia kwenye karatasi utakayotia saini.

Mahari utaje wewe, kwa kiasi, na yaandikwe kwenye cheti: ya kutangulizwa na ya kucheleweshwa, na ya kucheleweshwa yawe na tarehe. Mkiandika "baadaye" tu, mtagombana juu ya lini. Shafi hakuweka kiwango cha chini. Kwa kipimo, wake wa Mtume walipewa dirhamu 500, na kwa dirhamu ya takriban gramu 2.975 hizo ni karibu kilo moja na nusu ya madini ya fedha. Kilemba cha baba na mkaja wa mama ni zawadi za mila zetu, visiingizwe kwenye mahari, kwa sababu mahari ni mali yako na baba hana fungu. Una haki ya kutoingia chumbani kwa mara ya kwanza mpaka ya kutangulizwa yafike mkononi. Ukiingia kwa hiari kabla, haki hiyo ya kuzuia inaondoka, deni linabaki. Ukiachwa kabla ya kuingiliana unapata nusu (2:237).

Masharti ndipo wengi wanapoteleza. Mtume alisema masharti yanayostahiki zaidi kutimizwa ni yale ya ndoa. Lakini ukiandika "asioe mke wa pili" katika mkataba, Wahanbali watakupa haki ya kuvunja ndoa akikiuka, ilhali Washafi watasema ndoa sahihi, sharti batili. Njia inayofanya kazi kwa Shafi ni taaliki: baada ya ijabu na kabuli (tamko la kuoza na la kukubali) kukamilika, mume atamke mbele ya mashahidi kwamba akifanya jambo fulani, mkewe ameachika talaka moja. Malaysia na Indonesia huisoma papo hapo baada ya akdi. Ikitamkwa kabla ya kabuli haina nguvu, kwa sababu hakuna talaka kabla ya ndoa. Kosa hilo la dakika tano huharibu kila kitu.

Matunzo usiyaache yapite kimya. Kwa Shafi, chakula cha siku ni mudi mbili kwa mume tajiri, moja na nusu kwa wa kati, moja kwa maskini, na mudi ni viganja viwili vilivyojaa. Asipotoa, yanajikusanya kuwa deni hata bila hukumu ya kadhi, kwa hiyo weka daftari lenye tarehe. Mshahara wako ukiuingiza kwenye kiwanja au nyumba, jina lako liingie kwenye hati siku hiyohiyo. Fiqhi inakupa umiliki wa ulichotoa, lakini inataka ushahidi kwamba ulikitoa wewe, wala hukukitoa zawadi.

Hati hizi zina mahali pa kwenda. Kenya, Katiba ya 2010 ibara ya 170 inaipa Mahakama ya Kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Zanzibar nako mahakama za kadhi ni za kisheria. Tanzania Bara utaanzia baraza la usuluhishi wa ndoa, kisha mahakama ya kawaida chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Kokote uendako hakimu ataomba cheti, kwa hiyo kabla walii (msimamizi wako wa ndoa) hajashika mkono wa bwana harusi, soma kwanza safu ya mahari, kisha toa nakala mbili: moja kaa nayo wewe, nyingine mpe mama yako.